Sinia Moja: Chakula cha Kila Siku kwa Mgonjwa wa Ini

Inapojulikana kwamba mmoja wa jamaa ana maradhi ya ini ya muda mrefu, mambo mawili huingia nyumbani kabla hata ya dawa ya kwanza kumezwa. La kwanza, mgonjwa hutengewa sahani, kikombe na kijiko chake, naye huondoka katika sinia la jamaa. La pili, huandaliwa orodha ndefu ya makatazo, kila jirani akiongeza lake: mayai asiguse, nyama asionje, samaki aache, hata abaki na uji mwepesi na mboga za kuchemsha. Yote mawili hufanywa kwa mapenzi na kwa hofu. Lakini kumtenga hakumkingi mtu yeyote, na kumnyima chakula aghalabu humdhuru yule yule anayekusudiwa kulindwa. Juma hili twataka kueleza kwa nini mgonjwa wa ini anapaswa kurudishwa katika sinia, na ni lipi linalofaa kuwamo katika sinia hilo.

Twawaandikia hasa jamaa zetu waishio Nairobi, wale wenye shughuli zao katikati ya mji na wale wanaokaa Kangemi, Kawangware, Dagoretti na Westlands. Nyumba zao zimechanganya mapishi. Kuna wali wa nazi na mbaazi walivyotoka navyo Pwani, na kuna ugali, sukuma wiki, ndengu na nduma walivyovikuta Bara. Katika mchanganyiko huo mna karibu kila kitu ambacho ini gonjwa linahitaji, ila kinatakiwa kipangwe vizuri.

Ini na kazi yake

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo 1.5, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Chakula kikishasagwa na kunyonywa na matumbo, damu inayokibeba hupitia kwenye ini kwanza. Hapo sukari huwekwa akiba, protini za damu hutengenezwa, nyongo huzalishwa, na sumu huvunjwa ili itolewe mwilini.

Maradhi ya muda mrefu ya kiungo hiki yana milango kadhaa. Kuna virusi vya homa ya ini aina ya B na aina ya C. Kuna mafuta yanayojikusanya ndani ya ini, hasa kwa wenye unene na kisukari. Kuna pombe, kuna baadhi ya dawa, na kuna sababu nyingine zisizojulikana na wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya B, na milioni 50 na aina ya C. Maradhi yakikaa miaka mingi bila kuangaliwa, ini hupata makovu, na makovu yakienea hali hiyo huitwa sirosisi.

Kwa hiyo wagonjwa wa ini hawako daraja moja. Mwenye virusi ambavyo havijaharibu kitu hula kama mtu mwingine yeyote anayejali afya yake. Mwenye makovu ana haja zaidi, na huyo ndiye aghalabu tunayemnyima. Swali la kwanza la kumuuliza daktari si «nisile nini?» bali ni «ini langu limefikia wapi?»

Sahani iliyotengwa

Homa ya ini aina ya B hupita kwa damu na majimaji ya mwili. Mama huweza kumpa mtoto wakati wa kujifungua, mume na mke huweza kupeana, na sindano au wembe wenye damu huweza kuibeba. Haipiti kwa kula pamoja, wala kwa kikombe, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kukumbatiana. Aina ya C nayo haipiti kwa chakula.

Hofu ya sahani imetokana na jina. Homa ya ini ni jina moja lililobeba maradhi mbalimbali. Aina ya A na aina ya E ndizo zinazopita kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Aina ya E ndiyo iliyozuka katika kambi za wakimbizi za Dadaab mwaka 2012. Hizo kwa kawaida huja na kupita. Aina ya B na C ndizo zikaazo miaka, na kwa hizo kutenga sahani hakuna faida yoyote.

Vya kutengwa ni vingine: wembe, mswaki, mkasi wa kucha, na sindano ya kutoga masikio. Kinga ya wenzake ni kupimwa na kuchanjwa. Hapa Kenya chanjo ya homa ya ini aina ya B imo katika chanjo ya watoto tangu mwaka 2001, nayo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtu aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata kamwe. Basi mume, mke na watoto wakubwa wa nyumba yenye mgonjwa na waende wapimwe, na asiyekuwa na virusi apate chanjo. Wakishafanya hivyo, mama arudi katika sinia. Mgonjwa anayekula peke yake pembeni hula kidogo na kwa huzuni, na kula kidogo ndiko kunakomdhoofisha.

Usiku mrefu

Ini zima huweka akiba ya sukari ya kuutosha mwili usiku kucha. Ini lenye makovu mengi halina nafasi ya akiba hiyo. Wataalamu wameona kwamba mgonjwa wa sirosisi akilala bila chakula usiku mmoja, mwili wake huwa katika hali inayofanana na ya mtu mwenye afya aliyekaa na njaa siku 2 au 3. Mwili ukikosa sukari huanza kuila misuli yake wenyewe. Ndiyo maana mapaja na mabega ya mgonjwa hupungua huku tumbo likijaa maji, na watu wa nyumbani wakiliona tumbo hudhani amenenepa.

Dawa ya jambo hili iko jikoni. Mgonjwa ale kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, na asikose kitu kabla ya kulala. Kikombe cha maziwa, vipande viwili vya mkate na ndizi moja vyatosha. Utafiti wa mwaka mmoja uliofanywa New Zealand na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wagonjwa wa sirosisi waliopewa chakula cha nyongeza usiku walijenga nyama ya mwili, na wale waliopewa nyongeza hiyo hiyo mchana hawakufaidika vivyo hivyo.

Jambo hili lina uzito wake kwa mkaazi wa Nairobi. Atokaye Kangemi saa 12 asubuhi ili awahi kazini mjini kabla barabara ya Waiyaki haijafungamana, aghalabu huondoka na chai tupu, akala saa 8 mchana, kisha akala tena saa 3 usiku. Mgonjwa wa ini hawezi kuishi hivyo. Abebe katika mkoba wake mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha nduma au kiazi kitamu, na tunda. Siku ya kliniki, pale Kenyatta au kwingineko, foleni huwa ndefu. Kama hakuambiwa afunge kwa ajili ya vipimo, abebe chakula hicho vilevile.

Protini si adui

Zamani madaktari waliwapunguzia wagonjwa wa sirosisi nyama, mayai na maziwa wakichelea kwamba protini ingeleta sumu ya amonia na kuichanganya akili. Mawazo hayo yamebadilika. Utafiti wa Barcelona uliochapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha wagonjwa waliokuwa wamekwisha kuchanganyikiwa, baadhi wakinyimwa protini na baadhi wakipewa kiasi cha kawaida, na kunyimwa hakukuleta faida. Leo miongozo ya wataalamu wa ini yasema mgonjwa wa sirosisi apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko cha mtu mwenye afya.

Tumchukue mama mwenye kilo 60. Anahitaji gramu 72 hadi 90. Asubuhi anywe uji wa wimbi uliopikwa kwa kikombe cha maziwa, pamoja na mayai mawili. Hapo amepata kama gramu 20. Saa 4 ale kiazi kitamu. Adhuhuri ale wali na kikombe cha ndengu, ambazo sisi watu wa Pwani huziita pojo, na mboga. Ndengu peke yake zina kama gramu 14. Alasiri anywe kikombe cha maziwa lala, gramu 8. Usiku ale ugali na kipande cha samaki cha gramu 100, kinachotoa gramu 20 au zaidi, na kabla ya kulala maziwa na mkate. Ukijumlisha pamoja na ile protini kidogo iliyomo katika wali, ugali na mkate, amefika gramu 80.

Hakuna katika hayo kitu cha kuagizwa mbali. Samaki wako City Market, katika barabara ya Muindi Mbingu. Mboga na viazi vyafika kwa wingi soko la Wakulima, yaani Marikiti, kisha vyatawanywa hadi kwa mama mboga wa Kawangware. Pale fedha inapobana, mayai, kamande, ndengu, maharagwe na omena hufanya kazi ya nyama. Mgonjwa aliyewahi kuchanganyikiwa akili aghalabu huivumilia vizuri zaidi protini ya nafaka za jamii ya kunde na ya maziwa kuliko ya nyama nyekundu, basi huyo azidishiwe hizo, asinyimwe zote.

Chumvi

Hapa ndipo panapostahili ukali. Ini lenye makovu huufanya mwili ushike chumvi, na chumvi hushika maji. Mwenye tumbo lililojaa maji au miguu iliyovimba anatakiwa asizidi karibu gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Ndani ya kijiko hicho huhesabiwa pia ile iliyokwisha kutiwa ndani ya mkate, vidonge vya mchuzi, soseji na smoki za barabarani, achari, na chipsi za mjini zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili. Kwetu sisi kuna papa mkavu na ng'onda, ambao huhifadhiwa kwa chumvi. Kipande kidogo huweza kumaliza kiasi cha siku nzima. Magadi ya kulainishia maharagwe na mboga nayo yana sodiamu ile ile.

Mpishi asipike vyungu viwili. Apike chungu kimoja kwa chumvi kidogo sana, atie ladha kwa kitunguu saumu, tangawizi, bizari, dania, ndimu na ukwaju, kisha atakaye chumvi zaidi ajitilie. Ulimi huzoea baada ya majuma machache, na mwenye shinikizo la damu katika nyumba hiyo hufaidika pia. Zile chumvi mbadala ziuzwazo madukani mgonjwa asitumie bila kumuuliza daktari, kwa sababu zina potasiamu, nayo huweza kuzidi mwilini kwa anayetumia baadhi ya vidonge vya kutoa maji.

Unga, mahindi na njugu

Hatari nyingine haionekani wala haina ladha. Ukungu unaoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa na unyevu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, au sumukuvu. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 125 kati yao wakafa, maini yao yakiwa yameharibika. Hayo yalikuwa mazao ya watu wa vijijini, lakini sumu yafika mjini. Mnamo Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu hiyo. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao Uthiru magharibi mwa Nairobi, wamepima vyakula na maziwa katika mitaa ya Dagoretti na Korogocho wakaikuta humo; ng'ombe akila chakula chenye ukungu, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa yake.

Kwa mwenye homa ya ini aina ya B jambo hili ni zito mara nyingi zaidi, kwa kuwa virusi na sumukuvu vikikutana katika ini moja, hatari ya saratani huwa kubwa kuliko ya kila kimoja peke yake. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hii. Kuosha na kukaanga hakutoshi.

Kinga ni hii. Mahindi yawe makavu. Kiwango cha Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yawekwe juu ya mbao, si sakafuni, katika mifuko inayopitisha hewa, na yasipelekwe kinu cha posho kabla ya kuchambuliwa punje kwa punje: iliyobadilika rangi, iliyovunjika na iliyotobolewa na wadudu itupwe. Asipewe kuku wala ng'ombe. Njugu zenye mikunjo, weusi au uchungu nazo zitupwe. Unga ununuliwe uliofungwa na wenye alama ya ubora, kidogo kidogo, usikae miezi. Zaidi ya yote, sinia lisiwe la mahindi kila siku. Wali, viazi, nduma, muhogo, ndizi za kupika, wimbi na mtama vizungushwe kwa zamu, ili nyumba isitegemee punje moja.

Mafuta, sukari na kahawa

Yuko mgonjwa wa namna nyingine, mwenye ini lililojaa mafuta na ambalo bado halijapata makovu makubwa. Huyu anakula chakula kile kile, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Akipunguza asilimia 5 ya uzito wake, mafuta ya ini hupungua. Akifikia asilimia 7 hadi 10, hata uvimbe wa ndani ya ini hutulia. Mwenye kilo 80 basi anatafuta kupunguza kilo 4 kwanza, kisha afike 6 au 8, kwa miezi na wala si kwa juma. Soda na sharubati za sukari ndizo za kwanza kuachwa, kisha vijiko vitatu vya sukari katika chai. Mahamri, viazi karai na bhajia viwe vya siku maalumu, na biriani ya harusi iliwe kwa mkono mwepesi.

Tuna habari njema pia. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanywaji wa kahawa huwa na makovu machache ya ini. Kahawa chungu ya wazee wetu, isiyo na sukari, inafaa, ila isifuatwe na halwa kila kikombe.

Dawa za mitishamba zahitaji hadhari zaidi. Si kila kilichotoka ardhini ni salama kwa ini, na chupa isiyojulikana iliyotiwa nini haifai kumezwa na mgonjwa huyu. Anayetumia habbat soda au chochote kingine amwambie daktari wake. Miraa nayo si burudani isiyo na madhara: madaktari wa Uingereza wameandika habari za vijana wa Kisomali walioharibika maini vibaya kwa kuitafuna. Mama wenye vijana wanaokaa barazani usiku kucha walijue hilo.

Mwezi wa Ramadhani

Twajua kwamba swali hili huumiza nyoyo kuliko yote. Nairobi iko karibu na ikweta, na saumu yake kila mwaka huzidi saa 13. Wenye virusi vya aina ya B visivyoharibu ini aghalabu hufunga bila madhara. Lakini mwenye sirosisi ambaye tumbo limejaa maji, au aliyewahi kutapika damu, au aliyewahi kuchanganyikiwa, madaktari humshauri asifunge, kwa sababu hizo tulizozitaja za akiba ya ini.

Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa amepewa ruhusa ya kuacha na kulipa siku nyingine, na fidia ya kumlisha maskini imetajwa humo. Wanazuoni wameeleza kwamba asiye na tamaa ya kupona hulisha. Basi mgonjwa aende kwa daktari kabla ya Shaaban kwisha, kisha aende kwa shekhe na majibu ya daktari mkononi. Nasi wa nyumbani tusimfanye aone haya. Mama anayekula mchana wa Ramadhani kwa udhuru hajavunja heshima ya nyumba, na mkaza mwana amwandalie chakula hicho kwa bashasha ile ile anayoandalia futari. Usiku anaye nafasi yake katika sinia pamoja na wote.

Dalili zisizongoja

Kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami, kusinzia mchana na kukesha usiku, maneno yasiyoeleweka, au homa kwa mwenye tumbo la maji: kwa lolote katika haya mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Yaliyobaki ni ya kila siku, na yamo mikononi mwa anayepika. Nafaka iwe safi, chumvi iwe kidogo, protini itoshe, na kikombe cha maziwa kisisahauliwe kabla ya kulala. Mgonjwa na aitwe mezani kwa jina lake, aketi baina ya wanawe. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowahudumia. Amin.